Mpishi wa Mfaranyaki anayesikiliza sufuria

Lidwina Luambano anainamisha sikio juu ya sufuria na kuinua mkono. Stumai, mwenzake wa kazi, aliyekuwa akichambua majani ya maboga huku akisimulia habari za harusi ya jirani, anakatiza sentensi katikati. Uani panabaki sauti moja tu, ya vitunguu ndani ya mafuta.

"Bado," anasema Lidwina. "Unasikia vinavyopiga kelele? Kitunguu kikipiga kelele ujue kina maji ndani. Ukitia nyanya sasa hivi, utakula mchuzi wa kitunguu kibichi."

Anangoja. Ile chwaa nzito inapungua kidogo kidogo, inakuwa nyembamba, kisha inabaki kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Bila kufumbua macho sana, kwa sababu moshi wa kuni leo ni mwingi, anamwaga nyanya zilizokatwa.

"Sasa vimenyamaza."

Mteja mgeni anaweza kudhani ni mzaha wa wapishi. Lakini mama huyu wa miaka hamsini na nne, mwenye mgahawa wa mabenchi manne nyuma ya nyumba aliyopanga Mfaranyaki, mjini Songea, hasikii harufu ya kitu chochote. Si vitunguu, si moshi, si usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa wanaokaangwa kwenye jiko la pili, ambao nyumba tatu mbele tayari wanajua kwamba ndio mlo wa mchana.

Anapika kwa masikio, macho na mkono.

Haikuwa hivyo zamani. Lidwina alizaliwa Maposeni, na upishi alifundishwa na mama yake, Kunegunda, ambaye wakati wa mavuno alipikia vibarua wa shamba zima. "Mama yangu hakuwa na kipimo," anakumbuka. "Alikuwa anapita nje na ndoo ya maji kichwani, ananusa, anasema likolo hilo limeiva, ipua. Likolo ni mboga, kwa lugha ya kwetu. Na mimi nikawa hivyo hivyo. Pua ndiyo ilikuwa saa yangu."

Alipohamia mjini na kufungua mgahawa, pua hiyo ilimlisha. Wateja wake wengi ni walimu, makarani na wafanyabiashara waliohamia Songea kutoka mikoa mingine. Wanakuja mchana kula ugali, maharage, kisamvu cha karanga na usipa kwa shilingi elfu mbili na mia tano sahani. "Hawa watu wamechoka chakula cha hotelini," anasema. "Wanataka chakula kinachofanana na cha mama zao, hata kama mama zao wako Tarime."

Kisha, masika ya mwaka juzi, yakaja mafua.

Yalikuwa mafua kama mengine, anasema, ila yalimlaza. Homa ilipoondoka, Stumai, ambaye wakati huo alikuwa muuza mboga na dagaa tu, alifika uani na kiroba cha usipa.

"Dada, hawa wa leo wanakuita tangu barabarani," alisema Stumai akifungua kiroba.

Lidwina akainama, akavuta pumzi. Hakukuta kitu.

"Nikamwambia, hawa mbona hawanuki? Akaniangalia sana. Akasema, hawanuki vipi, dada, na mimi hapa natafuta upande wa kukimbilia upepo?"

Alinusa sabuni. Alinusa majani ya chai. Alikwenda mpaka kwenye banda la mbuzi la jirani akasimama pale, na hapa anacheka mpaka anafuta machozi kwa upande wa kanga. "Mbuzi wote walikuwa kama wako kwenye picha."

Alidhani ni suala la siku chache, akaendelea kupika. Siku moja, wakati anapokea wateja upande wa mbele, maharage yalishika chini ya sufuria. Zamani angelijua hilo akiwa bado barabarani. Safari hii alikuja akaona maji yamepungua, akaongeza mengine, akakoroga vizuri kabisa, mwiko ukachukua ule ukoko wa chini na kuusambaza sufuria nzima.

Hakuna mteja aliyelalamika. "Walisukuma sahani pembeni, wakalipa, wakaniaga kwa heshima," anasema. "Hiyo heshima ndiyo iliyoniumiza nilipokuja kujua. Kesho yake mabenchi mawili yalikuwa matupu."

Aliyevunja ukimya alikuwa Judica, muuguzi mzaliwa wa Same, mteja wa karibu kila siku. Alimfuata Lidwina jikoni na sahani yake mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikuongeze?"

"Hapana, mama. Naomba usinielewe vibaya. Karanga za kwenye kisamvu zimeharibika, zinanuka mafuta ya zamani. Na juzi maharage yalikuwa yameungua. Si kawaida yako. Kuna tatizo nyumbani?"

Lidwina aliweka mwiko chini. "Nyumbani hakuna tatizo, mwanangu. Ni pua. Imekufa."

Judica aligeuza ndoo, akaikalia, akauliza maswali mpaka muda wake wa mapumziko ukaisha. Wiki ile ile alimsindikiza kwa daktari. Maelezo waliyopewa yalikuwa mafupi: mafua makali yanaweza kuumiza mishipa ya kunusa, kwa wengine hupona polepole, kwa wengine haiponi, na hakuna sindano ya kuiharakisha.

Wakati wa kurudi, Judica alimwambia jambo ambalo Lidwina hakuwa amewahi kulifikiria: kwamba ulimi peke yake haujui mambo mengi, na kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita ladha huingia kwa njia ya pua.

Lidwina hakuridhika mpaka ajaribu mwenyewe. Alifunga macho, akamwomba Stumai amlishe vitu kimoja kimoja. Chumvi aliijua. Sukari, ndimu na uchungu wa mwarobaini, vyote alivijua. Tangawizi ilimchoma kama kawaida. Lakini nyama aliitofautisha na kiazi kwa sababu tu ilimpa kazi kutafuna, na kahawa ilikuwa maji ya moto yenye uchungu.

"Nilijiona kama mtu aliyehamishwa nyumba akaachiwa mlango tu," anasema.

Alifunga mgahawa. Mumewe, Optatus, anayelima mahindi Maposeni, alikuja mjini kumfariji kwa namna yake. "Mama Eka, rudi shambani," alimwambia. "Mahindi hayahitaji pua." Lidwina alikubali nusu nusu. Sufuria kubwa zilikuwa zimeshaingia kwenye magunia, na mwenye nyumba ameshaanza kuulizia mpangaji mwingine, Stumai alipokuja jioni moja na mafungu ya mboga yaliyokosa mnunuzi.

Stumai ni mzaliwa wa Namtumbo, mama wa watoto wawili, mtu wa maneno mengi. Siku ile aliongea machache.

"Dada, toa sufuria moja. Tupike maharage ya watu wawili. Mimi nitanusa. Wewe fanya mengine yote."

Ndivyo walivyoanza. Stumai alikaa kwenye kigoda akinusa, na kila harufu ilipobadilika alisema, "Sasa." Lidwina naye, kila aliposikia "sasa", aliitazama sufuria kama anaiona kwa mara ya kwanza. Mafuta yanafanya nini? Mvuke ni mwingi au umepungua? Mwiko ni mzito?

Aligundua kwamba maharage yenye maji ya kutosha huchemka kwa sauti ya chini, ya kifuani, na maji yakikaribia kwisha sauti hupanda na kuanza kutatarika. Hapo kuna muda mfupi tu wa kuokoa jahazi, na anayechelewa asikoroge: ahamishe yale ya juu kwenye sufuria safi, ukoko uachwe ulipo. Aligundua kwamba ukichota maharage machache kwenye kijiko ukayapuliza, ganda likipasuka na kujikunja, yanakaribia kuiva. Ugali uliokomaa huachia sufuria wenyewe, na mkono unaujua kabla ya jicho. Karanga iliyosagwa ikorogwe kwanza na maji ya baridi ndipo iingie kwenye kisamvu kwa moto mdogo, la sivyo inaganda mabonge.

Maziwa yalimtisha zaidi. Siku hizi huchemsha kijiko kimoja pembeni kabla ya kugusa mengine, yakikatika, anajua. Karanga hanunui tena zilizosagwa. Hununua mbichi, kidogo kidogo, anazichagua moja moja, na bado hutafuna chache kuona kama zitakwaruza koo, dalili kwamba zimeharibika.

Mambo mengine aliyoyasikia maisha yake yote hayakufaulu mtihani. "Watu wanasema mchuzi ukizidi chumvi tia kiazi, kitanyonya. Tulijaribu na Stumai. Kiazi kilikuwa na chumvi, na mchuzi ulikuwa na chumvi. Tulichopata ni kiazi." Dawa, anasema, ni kuongeza maharage au mboga isiyotiwa chumvi.

Haikuwa safari ya raha. Aliunguza wali, akaungua kiganja kwa kushika mfuniko akitafuta mtetemo. Kuna siku alimfokea Stumai kwa sababu tu mwenzake alisema, "Mmh, inanukia."

Kisha ikaja sherehe ya Maposeni. Wendelini, mdogo wake Optatus, alikuwa na binti anayepokea Komunyo ya Kwanza, na ukoo mzima ulizoea kwamba sherehe ikiwepo anapika Lidwina. Safari hii Wendelini alisita, tena mbele ya watu.

"Shemeji, wageni watakuwa wengi. Tukila tukaugua, nitasema nini?"

"Utasema nilipika mimi," Lidwina alimjibu. "Lakini chakula ambacho Stumai hajakinusa hakitatoka jikoni."

Siku ya siku, pilau ikiwa motoni, jambo ambalo hakuna aliyelifikiria likatokea. Wenye muziki walifika na spika zao, wakazipanga nyuma ya jiko kabisa, wakafungulia kwaya. Lidwina aliinama juu ya sufuria. Hakusikia kitu. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ulifunika mvuke, na Stumai alikuwa amelowa moshi kiasi kwamba hata yeye pua haikumsaidia.

"Nilimwambia Stumai, tumekwisha," anasema. "Pilau ukiifunua funua inaharibika. Usipoifunua, utajuaje?"

Walimtuma mtu kwenda kuomba muziki upunguzwe. Ulipunguzwa, ukapanda tena. Lidwina alikuwa ameshika mwiko mrefu wa kusongea ugali wa watu wengi. Hajui hasa nini kilimpa wazo. Aliegemeza ncha ya mwiko kwenye ubavu wa sufuria, na upande wa pili akaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio.

Pilau ikamjia kupitia kwenye mti.

"Niliisikia kuliko nilivyowahi kuisikia," anasema, sauti ikishuka. "Maji yalikuwa bado yapo, yanatembea katikati ya mchele. Nikangoja. Yakawa yanakwenda, yanakwenda, mpaka nikasikia ule mlio mkavu unaanza chini. Nikapiga kelele, toeni moto! Watu wakadhani jiko limeshika moto."

Sufuria ilipofunuliwa, Stumai alijifuta macho, akainama, akavuta pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," alisema. "Dada, pakua."

Lidwina naye alikula. Alipata chumvi, joto, na punje zilizoachana vizuri mdomoni. Basi. Kwa hiyo aliacha kula, akawa anatazama wanaokula. Alikuwa bado anawatazama Wendelini alipokuja jikoni na sahani tupu.

"Shemeji, imebaki?"

"Kidogo."

"Nipe hicho kidogo. Na ukoko kama upo."

Lidwina alimpakulia, kisha akaenda nyuma ya ghala la mahindi akalia peke yake. "Sikulia kwa uchungu," anaeleza. "Wala sijui niite nini."

Mgahawa ulifunguliwa tena mwezi uliofuata. Stumai hauzi tena mboga barabarani. Ni mbia, wanagawana kinachopatikana, na kila sufuria hupita mbele yake kabla ya kupakuliwa. Wateja wengi wamerudi. Wengine wanakuja kwa udadisi, wakiuliza swali hili na lile.

Mmoja wao ni Dennis, mwalimu kijana kutoka Arusha aliyepanga chumba mtaa wa pili, aliyechoka kuona maharage yakimmalizia gesi. Lidwina alimwelekeza ayaloweke usiku, amwage yale maji, apike kwa maji mapya na mfuniko ukiwa juu. Mtungi ukaanza kudumu, na Dennis akaja na walimu wenzake wawili kuulizia mafunzo.

Hapo ndipo mpango wa sasa ulipozaliwa. Mabati machache yameegemezwa ukutani. Optatus ameahidi kushuka kutoka Maposeni baada ya kuvuna kuja kuezeka upande wa pili wa ua. Pakikamilika, kila Jumamosi wageni wa mji watafundishwa kupika chakula cha nyumbani, wakianza na ugali. Ada haijapangwa. "Watakula walichopika," anasema Lidwina. "Wale wa mwanzo hiyo itakuwa adhabu ya kutosha."

Na pua? Hivi karibuni, akimenya ndimu, alihisi kitu kimepita, chepesi, kikaondoka kabla hajakishika. Alimenya nyingine tano. Hakikurudi. Judica anamwambia asikate tamaa, anuse ndimu kila siku, na yeye anafanya hivyo kila asubuhi kabla ya kuwasha moto.

Anaulizwa: ikirudi, ataacha kusikiliza sufuria?

Lidwina anafunika maharage, anageuza sikio kidogo, anaridhika.

"Irudi tu, itapokelewa," anasema. "Lakini itakuta kazi tumeshagawana."