Paa la Kionga

Mume wangu Bwanaheri alikuwa fundi wa chokaa, na hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimia asubuhi jibu ulilipata, la pili usubiri kesho. Walipojenga bandari mpya Mtwara na kila mwenye mwiko akapata kazi, yeye alipiga lipu nyumba za wakubwa kwa miaka minne. Wenzake walivaa mishahara yao, sisi tukaweka. Mwaka wa hamsini na mbili kazi ikanywea, mafundi wakarudi Mikindani kukaa barazani. Ndipo akaniambia, "Somoe, nimeona nyumba Kionga."

Kionga ni ng'ambo ya Ruvuma, kwa Wareno. Nyumba za mawe huko ziliuzwa rahisi, maana wenyewe walikuwa wanakimbilia kwetu kukwepa shokoa, ile kazi ya kulazimishwa. Mpango wetu ulikuwa kuitengeneza, tupangishe vyumba kwa wachuuzi wa chumvi na samaki wakavu, kodi itulee uzeeni, kwa kuwa Mungu hakutujalia mtoto. Bangili zangu tano za fedha, za marehemu mama yangu, ziliingia humo. Naomba hilo likumbukwe.

Muuzaji aliitwa Hassani. Bwanaheri alikagua kila kitu. Aligonga kuta, akashusha timazi pembe zote nne kuona kama zimenyooka, akaonja maji ya kisima. Karatasi ikaandikwa, mashahidi wakaweka dole gumba. Nyumba aliipima, watu hakuwapima. Sisi Mikindani mtu humrithi baba yake, kwa hiyo hakuwaza kumuuliza Hassani kama ana dada.

Tulivuka mwezi wa kumi na moja na magunia ya chokaa. Makuti ya zamani yalikuwa yameoza, tukayateremsha yote. Kuta zile ndani yake ni mawe na udongo, chokaa ni ngozi ya juu tu. Zikinyeshewa bila paa hulainika na kuanguka. Tulikuwa na wiki tatu kabla ya mvua.

Siku ya tatu akaja Mwasiti, mama mwembamba, mvi kichwa kizima, shavu limejaa ugoro. Aliingia bila hodi, akatandika mkeka chumba cha kati chini ya anga tupu, akakaa.

"Bibi, nyumba hii tumeinunua," nikamwambia.

"Kwa nani?"

"Kwa Hassani."

"Hassani ni mdogo wangu. Auze kanzu yake. Nyumba ilikuwa ya mama, sasa yangu, kesho ya binti zangu. Kwetu mwanamume hulinda, hauzi."

Hassani mwenyewe alikwisha toweka, hakuna aliyejua wapi. Bwanaheri alirudi mbio Mikindani kwa liwali, akajibiwa kesi ya ng'ambo ikaamuliwe ng'ambo. Na ng'ambo, mtu wa kwetu asiye na cheti cha kodi akijipeleka kwa Mreno kudai nyumba, alikuwa anajipeleka mwenyewe shambani kulima bure mwaka mzima. Basi akavuka tena, akapanda juu, akafunga boriti na fito, akaanza kuezeka.

Majirani hawakutupa hata kamba. Walisimama wakitucheka. "Fundi, kwetu anayepanda paa la mwanamke ni mumewe au ndugu yake. Wewe nani wa Mwasiti?" Mimi nilikuwa chini nikimrushia makuti, na yule mama mkekani akinihesabia makosa. Tulitukanana siku tisa. Alisema mikono yangu imezoea kupokea tu. Nilimwambia ugoro umemla akili. Kila alasiri mawingu yalijikusanya upande wa bahari, nami nikazidi kurusha makuti.

Siku ya kumi asubuhi kipaa cha mbele kilikuwa kimekwisha, cha nyuma nusu. Nikaona wanaume wa kijiji wanakimbilia mikokoni, kimya kimya. Masipai walikuwa wanakuja, askari wa Mreno wa kukamata watu wa shokoa. Watatu, kofia nyekundu. Bwanaheri alikuwa juu kabisa, anaonekana na kila mtu.

"Wewe huko juu. Cheti."

Hakujibu. Miaka yote nilivumilia ukimya wake, siku hiyo niliuchukia.

Sipai akamgeukia Mwasiti, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Bibi, huyu nani?"

Neno moja tu, mgeni, na mume wangu angefungwa kamba pale pale. Nyumba ingebaki ya Mwasiti bila mtu wa kubishana naye, na paa nusu juu yake. Ningekuwa mimi, ningesema nini? Mpaka leo sijui, na Mungu ananiona.

Mwasiti alitema ugoro, akajifuta mdomo. "Ndugu yangu huyo. Tumbo moja. Ananiezekea nyumba." Akafungua pindo la kanga, akatoa stakabadhi ya kodi ya nyumba, imekunjwa ikawa ndogo kama hirizi. "Tumelipa. Soma."

Sipai alisoma, au alijifanya kusoma. Kisha akainua uso. "Wewe. Nyumba hii ya nani?"

Wanawake wote wa jirani walikuwa wametoka kusikiliza. Bwanaheri alizitazama boriti alizozifunga kwa mkono wake. Halafu akanitazama mimi, mikono yangu haina bangili. Nikainamisha macho.

"Ya dada," akasema.

Masipai waliondoka na kuku wawili wa jirani. Neno lilikwisha semwa mbele ya watu, na karatasi yetu ya dole gumba ilikufa hapo. Mwasiti alirudi mkekani, akaniangalia.

"Wifi," akasema, "naomba maji ya kunywa."

Nilitaka kummwagia usoni. Nikampa.

Nilidhani Bwanaheri atashuka tufunge mizigo. "Makuti," akaniita.

"Nyumba si yetu, baba."

"Nimesikia. Lete makuti."

Majirani wale wale wakaja na ngazi na kamba, maana sasa ilikuwa ndugu anaezeka kwa dada yake. Mimi nikasonga ugali wa mhogo wa watu kumi na watano, ndiyo kazi ya wifi. Tulifunga kuti la mwisho Alhamisi, Ijumaa mvua ikatukuta mtoni tukirudi.

Mikindani watu walimchimba. "Fundi, ile nyumba yako vipi?"

"Haivuji."

Mwaka mzima jibu lilikuwa hilo hilo, na kila nikilisikia nilisonya.

Mwaka uliofuata likaja neno kutoka Kionga. Kitinda mimba wa Mwasiti anaolewa, mjomba anatakiwa, hawezi kuozwa bila yeye. Bwanaheri akachukua timazi lake, sijui la nini harusini, tukavuka.

Siku ya pili mvua ilishuka tangu adhuhuri, mvua ya kwelikweli. Wanawake wenzangu walichambua mchele wakipiga soga. Mimi nilikaa chumba cha kati, nimeinua uso, nikilipitia paa kuti kwa kuti, natafuta tone moja tu la kumlaumia mume wangu. Nilitafuta mpaka alasiri, sikulipata.