Prosesa Nne, Skrini Moja

Dada yangu mkubwa ana subira ya ajabu, ila kwa kompyuta tu. Sisi nduguze tukichelewa kupokea simu yake, tumekwisha.

Yeye ndiye mwangalizi wa kompyuta inayoendesha pampu za maji. Mimi ni mwendesha pampu kituo hichohicho. Kompyuta ile ina prosesa nne, yaani bongo nne zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, na zote huandika taarifa za mfumo kwenye skrini moja. Ilipoanza kuzimika ovyo, mabomba yakakauka mji mzima, na kila ikizimika prosesa zote zilisema kwa pamoja. Neno “hitilafu” na neno “pampu” yalitoka hivi: hpiatmipluafu. Nani atasoma hayo?

Mkuu wa kituo hakuwa na haja ya kusoma.

“Ni nyaya hizo,” alisema. “Fundi umeme kalipua kazi. Kama hamna la kuniambia hadi Ijumaa, anaondoka.”

Fundi umeme ni mtu mpole, ana watoto wadogo. Hakubisha. Alikuja akakaa mlangoni mwa ofisi ya dada, kofia magotini, na roho iliniuma kumtazama.

Dada akaweka kufuli ndani ya programu: prosesa inayoandika ijifungie, nyingine zingoje. Kompyuta ilipozimika tena, skrini ikabaki tupu. Prosesa yenye kufuli ilikufa nalo, wenzake wakangoja weee! Nilicheka, dada akanikata jicho, nikaufyata.

Akaanza upya. Kila prosesa iandike sentensi yake pembeni mpaka iishe, iitie namba yake, ndipo iitoe nzima. Na mfumo ukianguka, iliyoiona hitilafu iseme yenyewe, hata kama kufuli limeshikwa, nyingine zinyamaze.

Alhamisi mchana ikazimika. Safari hii mistari ilitoka imenyooka. Fundi umeme akainuka.

“Inasemaje, dada?”

Dada alisoma, akarudia kusoma. Prosesa ya tatu ilikuwa imetaja kipande cha programu kilichokosea: kile kinachopokea vipimo vya pampu. Alikiandika yeye.

Mle ndani hakuna mwingine aliyeweza kuielewa mistari ile. Dada akamgeukia fundi umeme.

“Nyaya zako hazina kosa,” akasema. “Kosa ni langu.”

Akaichapisha karatasi, akampa fundi umeme aishike.

“Twende kwa mkuu. Nitasema mimi. Wewe nyamaza tu, kaka yangu.”