Siku Niliyomsifu Bibi Domitila

Utoto wangu una kosa moja ambalo sijaliungama kwa padri yeyote: nilimharibia bibi mmoja jina, na nilimharibia kwa kumsifu. Ilikuwa Euless, Texas, kule Marekani, mwezi wa kumi 2018, nikiwa darasa la pili.

Bibi Domitila aliishi ghorofa ya chini ya jengo letu, yeye na paka wake. Mama zetu, Warundi waliotoka kambi za wakimbizi kama yeye, walifanya kazi kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege, nasi watoto sita tulishinda kwake baada ya shule. Alitupikia maharage kwenye sufuria moja kubwa, na kijiko cha kwanza alikula yeye mbele yetu. Ndiyo desturi ya kwetu, anayekupa chakula hukionja kwanza ujue hakina sumu.

Halloween, sikukuu ya Wamarekani ya mavazi ya kutisha, ilipokaribia, mwalimu aliniazima kitabu cha picha. Kilikuwa na mchawi mzee mwenye kofia ndefu, paka na sufuria, aliyewapikia watoto wa mtaa supu ya maboga na kuwafuta machozi. Nikajiambia, huyu namjua.

Mwezi huo Wakatoliki tunasali rozari nyumba kwa nyumba, na zamu yetu ilifika. Sala ilipokwisha, soda zikigawiwa, nilimfungulia Bibi Domitila kitabu mbele ya wote.

"Bibi, look! Ni wewe! Wewe ni mchawi!"

Bibi akacheka kidogo, akaitazama picha, kisha akautazama mlango. "Watoto wa Amerika," alisema. Hakuna aliyecheka naye.

Alipoondoka, Mama Odeta wa ghorofa ya juu akanipakata. "Niambie, mwanangu. Umemwona akifanya nini?"

"Anaongea na paka," nilisema. "Na maneno mengine siyaelewi."

Sikuwahi kusikilizwa na watu wazima wengi kiasi kile, basi nikaongeza na la sufuria kubwa anayoionja kwanza yeye.

"Mtoto hasemi kitu bure," Mama Odeta aliwaambia wenzake. "Na kwa nini anaonja kila siku? Watoto wadogo vile, nani alimshuku? Anayeonja sana anajua anachoficha."

Usiku nilimweleza mama kwamba kwenye kitabu mchawi ni mtu mwema.

"Mwalimu wako hajaona nyumba ya mtu ikichomwa kwa neno hilo," alijibu. "Kesho uki-return hicho kitabu."

Wiki hiyo watoto kwa Bibi wakapungua, wakabaki watatu, kisha mimi na kaka yangu. Mama alivumilia siku nne kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kutulea, halafu naye akatutoa, akaomba zamu ya usiku. Namwonea huruma hadi leo, lakini alijua kabisa kwamba nilichosema nilikitoa kitabuni. Bibi hakuambiwa lolote. Kanisani walimsalimia vizuri, wakamuuliza hali, ila kwake hawakunywa tena hata maji.

Na mimi je? Mlangoni kwake nilianza kupita mbio. Nilimwogopa mchawi niliyemtengeneza mwenyewe! Kabla ya Krismasi Bibi alihamia Houston kwa mwanawe.

Mwaka jana nilimkuta huko kwenye harusi. Alinishika mikono yote miwili, akaniita mjukuu wake, akauliza habari za mama. Pembeni yake walikaa wakwe wa mwanawe wakitabasamu. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi tangu njiani, lakini radhi ingenilazimu kulitaja kosa, na kosa lenyewe ni neno ambalo huenda Houston halijafika. Nikamuuliza habari za magoti yake. Akasema yanamsumbua wakati wa baridi.

Nilinyamaza kwa kumwonea huruma, ndivyo ninavyojiambia. Nadhani hata mama zetu walijiambia hivyohivyo.