Manowari Kwenye Uteo

Profesa akirudi nyumbani Kikima, mamake humpa uteo wa maharagwe na mbaazi achambue. Kazi nyingine hamwamini nayo. Miaka ishirini anasomea manowari za Wachina. Hata kukwambia chumvi imeisha, lazima ainue vidole vitatu, kila kidole na hoja yake. Leo akina mama wa kanisa wanapanda kilima wakija kula, sufuria inachemka maji matupu, naye Profesa amepanga maharagwe mekundu yakazingira mbaazi, ananong'ona umbali wa makombora.

"Mekundu ni Wachina," akaeleza. "Mbaazi ni Wamarekani."

"Na sisi tuko wapi?" mamake akauliza.

Profesa akafikiri sana. "Sisi, mwaitu, ndio uteo."

"Basi uteo ni wangu," mamake akasema, akamimina majeshi yote mawili sufuriani.