Kompyuta Mbili, Meza Moja

Andika hivi, mjukuu wangu. Mama yangu alizaliwa Kinole, na baba yangu alizaliwa Mgeta, upande wa pili wa milima. Majina yao tutayataja kwenye dua, hapa usiyaandike. Mimi ni wa ukoo wa mama, kama ilivyo kwetu Waluguru, na kwa sababu hiyo mambo ya nyumba ya mama yako huamuliwa na mjomba wako, yaani kaka yake. Usiliruke neno hilo, maana habari yote inatoka humo.

Mama yako alikuwa na kibanda cha kuchapa hapa Mafiga. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, yenye kioo cha mgongo mnene kama televisheni za zamani. Siku moja mjomba wako akaleta nyingine kutoka Dar es Salaam, nayo kuukuu, ila ilitengenezwa baadaye kuliko ile. Meza ilikuwa moja. Ilibidi moja iondoke, na riziki ya mama yako itegemee ile itakayobaki.

Wakazishindanisha. Ziliwashwa pamoja nami nikimenya ndizi za kupika. Sijamaliza ndizi ya pili, ile ngeni imekwisha kuamka. Ya mama yako ilinguruma, ikakwaruza kama mtu anayetafuna bisi, na beseni langu likajaa kabla haijaonyesha kitu.

"Dada, mkweche wako unaamka kama mgonjwa," mjomba wako akasema.

"Mgonjwa huyo ndiye anayekulisha ukija Morogoro."

"Haya, mpe kazi huyo mgonjwa tuone."

Mama yako akafungua mtihani wa shule, wenye kurasa nyingi na michoro. Mkweche ukazipitia polepole hadi mwisho. Ile ngeni ilikimbia hadi katikati, ikaganda. Wakaizima, wakaiwasha tena, na safari hii ikafika bila tatizo.

"Umeona? Ilikuwa inazoea nyumba."

"Kaka, mimi ndiye nitakayekaa nayo."

"Nimekwisha kusema."

Nami nikamwambia mama yako, kaka yako amesema. Kabla ya adhuhuri mkweche ulikuwa kwenye mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Ile ya haraka iliendelea kuganda, kwanza mara mojamoja, kisha kila joto lilipozidi. Mwalimu akaja asubuhi ya mtihani, akamkuta mama yako ameshika kibodi na kioo hakisogei. Hakugomba. Alisubiri, akatazama saa, akaondoka. Shule ile haikurudi, na wateja wengine wakaifuata. Sasa mama yako anachapa kwenye kibanda cha mtu mwingine. Kaka yake akija, humwamkia shikamoo, kisha huenda jikoni akakaa huko mpaka mgeni aage.

Siwezi kukuambia kwamba utaratibu wetu ni mbaya. Umetulindia mashamba na watoto. Lakini ninamtazama mwanangu akitoka kwenda kwenye meza ya watu, na moyo wangu hautulii. Sijui wazee wangu wangeamuaje juu ya kitu ambacho mjomba anakileta, na dada ndiye anayekitumikia.

Sasa sikiliza la kutunza. Mjomba wako ameagiza kompyuta hiyo apelekewe Dar, akaiuze. Isitoke. Ifunike kwa kitambaa, uiweke mbali na moshi, mpaka mama yako mwenyewe aseme iende wapi. Mjomba wako akiuliza ni nani aliyeizuia, mpe shikamoo kwanza, halafu umwambie ni mama yake.