Kura Waliyompigia Paskalina

Paskalina alikuwa hawezi mchezo wa mchawi. Akichomoa kikaratasi kilichoandikwa "mchawi", mikono ilimtetemeka. Akichomoa cha "mwanakijiji" ilimtetemeka vilevile, kwa kuwa aliogopa kusingiziwa kuliko kukamatwa.

Kwaya yao ya kanisa la Kihesa, mjini Iringa, ilijifunza mchezo huo katika safari ya Madibira, siku mvua ilipowafungia kwenye darasa la shule. Kila mtu alipewa kikaratasi kilichokunjwa. Kijiji kililala, wote wakafumba macho, wachawi wakafumbua na kuchagua wa kumuua. Kijiji kilipoamka, watu walibishana mchawi ni nani, wakapiga kura, na aliyetolewa alifunua kikaratasi chake wote wakaona. Waliporudi Iringa mchezo ukawa desturi ya kila Jumamosi baada ya mazoezi.

Bingwa wao alikuwa Fanueli, mwenyekiti wa kwaya, mwimba besi mwenye kifua cha mcheza mieleka.

"Paska kanyamaza," alikuwa akisema. "Asiye na kosa angeongea."

Paskalina akiongea, Fanueli aligeuka. "Leo mbona maneno mengi? Anaficha nini?"

Akibanwa yeye, alicheka. "Jamani, ningekuwa mchawi ningecheza kijinga hivi?" Na hoja zikimwishia, alibaki na moja isiyowahi kumwangusha: "Tumtoe kwanza. Akiwa mwema, si tutajua?"

Wakamtoa. Kikaratasi kikafunuliwa: mwanakijiji. "Pole, Paska!" Wakacheka, naye akacheka, wakaanza upya. Aliipenda kwaya kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Mchana alipima vitenge dukani kwa Masuma, mjini. Jioni alimhudumia mama yake, Faustina, aliyekuwa na ugonjwa wa moyo. Kuimba tu ndiko kulikokuwa kwake peke yake.

Halafu Blessing akapata mimba.

Blessing alikuwa mdogo wao katika sauti ya pili, binti wa katekista Aroni, mzee ambaye hata kuku wake walikuwa kama wanatembea kwa adabu. Aliwaambia wenzake wa sauti ya pili kwenye chumba cha mazoezi, akilia, akawaapisha wasiseme. Paskalina ndiye aliyemfuta machozi kwa kanga yake. Wiki haikuisha, Mzee Aroni alimtoa binti yake nyumbani na begi moja, akampeleka kwa bibi yake, kijijini Ubaruku.

Fanueli akaitisha kikao baada ya misa.

"Kati yetu kuna mtu amemuuza Blessing," alisema. "Hatutoki hapa hajajulikana."

Walikaa kwenye viti vilevile vya Jumamosi, kwa duara lilelile. Marta, mwimbaji mwenzake Paskalina, ndiye aliyeanza. "Mimi sisemi ni mtu fulani. Ila Paska ndiye aliyekuwa anafika sana kwa kina Blessing."

"Na tangu tumeingia hajanyanyua kichwa," mwingine akadakia.

Paskalina akanyanyua kichwa. "Mimi sijasema kitu. Nawaapia. Blessing ni kama mdogo wangu."

"Umesikia mtu amekutaja kwa kosa?" Fanueli akamuuliza taratibu. "Marta kasema ulikuwa unafika pale. Basi. Mbona unaapa?"

"Kwa sababu mnanitazama."

"Tunamtazama kila mtu."

Machozi yakamtoka. Mtu nyuma akanong'ona kuwa hayo ni ya majuto. Alipojikaza akayafuta, wakasema ana moyo mgumu. Alitafuta neno la kweli ambalo lisingegeuzwa, akalikosa, kwa sababu walichokuwa wakipima hakikuwa maneno yake.

"Tumsimamishe kwanza," Fanueli akahitimisha. "Kama siye, ukweli utajitokeza wenyewe."

Mikono ikainuka. Wengine waliinua wakitazama sakafu. Safari hii hapakuwa na kikaratasi cha kufunua. Alivua skafu ya kwaya, akaikunja, akaiweka juu ya kiti, akatoka.

Kesho yake dukani alikata kitenge vibaya. Masuma, mama wa Kihindi mwenye duka, alimsogezea kiti.

"Paskalina, una nini?"

Akamweleza. Masuma alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni wewe ulisema?"

"Hapana, Mama Murtaza," akajibu, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Haya. Kunywa chai."

Alilia hapo kuliko alivyolia kanisani. Katika kikao kizima hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Baada ya miezi kadhaa siri nyingine ilivuja. Kwaya ilipanga kumbadilisha mwalimu wao, Edmund, naye akalisikia jambo hilo mtaani kabla hawajamwambia. Paskalina hakuwepo kikaoni, na moyo wake ukapata tumaini dogo la aibu: sasa wataona. Jirani yake mmoja mwanakwaya ndiye aliyemletea majibu ya Fanueli.

"Anasema ulilijua zamani, ukalitoa sasa makusudi, ili tuone si wewe."

Tangu siku hiyo aliacha kungoja. Alianza kusali misa ya kwanza, ambayo kwaya haikuimba.

Faustina alifariki msimu wa baridi. Kwa desturi yao, kwaya huimba kwenye msiba wa mzazi wa kila mwanakwaya, kuanzia nyumbani mpaka kaburini. Asubuhi ya mazishi Paskalina alikaa ndani karibu na jeneza, akisikiliza barabarani. Wanakwaya walifika, lakini mmojammoja, kama majirani, wakiwa na nguo zao za kawaida. Walimshika mkono. "Pole sana, Paska." Wakaenda kukaa mbalimbali chini ya turubai. Wimbo ulianzishwa na akina mama wa jumuiya, juu mno, ukawashinda ubeti wa pili. Paskalina aliujua wote. Alifungua kinywa amsaidie mama yake kuondoka, hewa ikatoka bila sauti. Faustina alizikwa kwa wimbo uliokatika.

Blessing alikuja mwaka uliofuata, mtoto akiwa mgongoni. Baba yake alikuwa amemsamehe. Alimkuta Paskalina uani anafua.

"Kamwene, dada Paska," akamsalimia kwa Kihehe.

Paskalina alimkaribisha kigoda. Blessing hakukaa.

"Dada, nilimuuliza baba ni nani alimwambia. Amenishangaa. Anasema hakuna aliyemwambia. Aliniona natapika asubuhi mara mbili, akajua. Amelea mabinti wanne, atashindwaje kujua?"

Paskalina aliendelea kukamua shati lililokwisha kukamuliwa.

"Hakuna aliyesema?"

"Hakuna, dada. Hakukuwa na mtu."

Hilo ndilo lililomvunja kabisa. Kwa muda wote huo alikuwa amemchukia mtu asiyemjua, mmoja wao, aliyenyamaza akamwacha abebe mzigo. Chuki hiyo ilimshikilia. Sasa haikuwa na pa kutua.

Blessing aliandika yote kwenye kundi la kwaya la WhatsApp. Watu watatu wakaweka alama za mikono ya kusali. Marta akaandika, "Mungu ni mwema." Fanueli akaandika kwamba yaliyopita si ndwele, akauliza nani hajatoa vipimo vya sare.

Kitambaa cha sare hizo kilinunuliwa kwa Masuma. Fanueli alikuja mwenyewe.

"Paska! Upo?"

"Nipo."

Paskalina alimchagulia jora la bluu. Alipokuwa anapima, Fanueli alishusha sauti.

"Ujue hatukuwa na nia mbaya. Siku ile ulivyokaa, ulivyoitikia… mtu yeyote angedhani ni wewe."

Paskalina alinyoosha kitambaa mezani, akauliza tena urefu. Alikata, akakunja, akafunga kwa kamba.

"Rudi basi kwenye kwaya," Fanueli akasema. "Sauti ya pili imepungua."

"Siimbi tena," akamjibu, akamsukumia mzigo wake, akamwita mteja aliyefuata.