Msalaba wa Upande wa Kulia

Karatasi inayotoka kwenye mashine ikiwa bado ya moto ina harufu yake, ya wino na vumbi lililoungua. Nikiisikia, hata leo, hata katika ofisi za wakubwa, narudi Kamembe, mji wetu wa mpakani na Kongo, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, ambako Papa, baba yangu, alikuwa na kompyuta moja na printa moja, akichapa kadi za arusi.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vyetu, huku ng'ambo, Kongo, vita vyao vikiendelea. Siku nyingine mlio wa risasi ulitufikia kutoka upande wa Bukavu. Papa aliendelea na kazi, maana watu walikuwa wanaoana, jamani, kila Jumamosi.

Alinifundisha nikiwa bado nakalia mito miwili ili niifikie meza. Kwanza mistari: unashika rula iliyo ukingoni mwa kioo cha kompyuta, unavuta, na mstari wa buluu unatoka. Unauweka katikati ya ukurasa, mwingine kushoto, mwingine kulia. Maneno yanauegemea, lakini kwenye karatasi hautoki. Mimi niliona ni uchawi. Halafu kurudufu: unachagua maneno, unabonyeza, na nakala inatokea, herufi zilezile, ukubwa uleule. "Panga moja vizuri," Papa aliniambia, "zingine hazitakusumbua." Basi nikarudufu maua, nikarudufu njiwa, nikarudufu jina langu mpaka ukurasa ukajaa, naye akicheka: "Weye utatumalizia wino!"

Siku moja alikuja bibi arusi kutoka Mibirizi, Vestine, pamoja na mama yake. Kadi za kwetu ziko hivi: kushoto wazazi wa bwana, kulia wazazi wa bibi, chini siku na misa. Baba wa bwana arusi alikuwa ameshakufa, kwa hiyo mbele ya jina lake kiliwekwa kimsalaba, kama wafanyavyo Wakatoliki. Baba wa Vestine alivuka kwenda Kongo mwaka ule watu walipokimbia. Wengi walirudi, yeye hakurudi, na hakuna aliyeleta habari. Mama yake akasema jina la mume wake liandikwe hivihivi, bila kitu mbele. Papa akaitikia, ndiyo Maman, bila kitu.

Mistari niliivuta mimi mwenyewe, nikaringa. Papa akaandika upande wa kushoto, akaurudufu, akaisogeza nakala mpaka ikaegemea mstari wa kulia, akabadilisha majina. Kimsalaba kikabaki. Sisi Waislamu, msalaba kwenye kadi ya Wakristo, nani angeshtuka? Tukachapa, tukakata kwa wembe, tukazifunga.

Walipokuja kuzichukua, Maman Vestine alichomoa moja, akaisoma polepole kwa kidole. Kidole kikasimama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonishangaza. Aliketi, akamwangalia Papa, akauliza kwa sauti ndogo:

"Nani alikuambia?"

"Nini, Maman?"

"Bantu benu ba Kamembe banavuka Kongo kila siku, banafika mpaka mbali. Nani alikuambia bwana yangu alikufa?"

Papa akakiona. Yarabi, uso wake! "Maman, hakuna muntu alituambia kitu! Ni mashine. Nilichukua ya kushoto nikaleta kulia, ikakuja na yote." Akamwita kwenye kioo, akabonyeza, msalaba ukafutika. "Unaona? Haiko tena."

Yule mama akatikisa kichwa taratibu, kama anayemsamehe mtu kwa uongo wa huruma. "Asante, Papa. Ulikosa tu namna ya kuniambia." Vestine alikuwa analia. Wakabeba zile kadi, wakaondoka.

Kesho yake Papa alichapa zote upya, akazipeleka mwenyewe Mibirizi. Alimkuta mama amenyoa nywele kwa msiba na misa ya marehemu imeshaombwa. Mama alimpokea vizuri, akachukua kifurushi kwa mikono miwili. Lakini wageni wa arusi walikuja wameshika zile kadi za kwanza.

Baada ya hapo Papa hakunifundisha kwa muda mrefu, nami nilimnunia. Kosa dogo namna ile, si limeshafutwa? Nilidhani tuliharibu karatasi tu. Mpaka nilipoolewa, nikajua kumngoja mtu aliye safarini na simu haiiti, ndipo nikaelewa. Yule mama alikuwa amengoja miaka mtu mmoja aje amwambie, hata kama ni baya, apumzike. Tukaja sisi, ambao hatukujua lolote.

Inaniuma mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuthibitisha kama yule mzee alikuwa amekufa. Na kama siku ile alikuwa bado anatembea mahali fulani katika misitu ile, basi tangu siku ile alitembea bila mtu wa kumngoja.